Ugomvi wa ua na jirani Mombasa: mwongozo kamili wa kuumaliza kabla haujafika kortini

Asubuhi hiyo nilitoka nyuma ya nyumba na kikapu changu kuchuma bamia, nikakuta safu ya mabati mapya imesimama katikati ya tuta. Ua wetu wa zamani, mnyaa uliochanganyika na boriti za mkoko, ulikuwa umeanguka siku kumi nyuma kwa mvua za masika. Jirani yangu hakungoja. Aliita fundi, akasimamisha mabati, na kwa macho yangu mstari ulikuwa umeingia kwangu hatua mbili nzima. Nilisimama pale pale nikapiga kelele hadi mtaa ukasikia. Baada ya hapo tulikaa zaidi ya mwaka bila kusalimiana. Ramadhani ikaingia na kutoka pasi na sahani ya futari kuvuka upande wowote, na hapa Mshomoroni sahani zikiacha kuvuka kila mtu anajua nyumba hizo zimefika wapi.

Tulimaliza, na leo tunapigiana hodi kama zamani. Nimeandika hatua tulizopitia, pamoja na zile ambazo lau tungezifuata mwanzoni tusingeumizana. Zimepangwa kwa mfuatano wake. Usiruke moja ukakimbilia ya mbele kwa sababu una hasira.

Hatua ya 1: Tenganisha ua na mpaka

Ua unauona na kuugusa. Mpaka ni mstari ulio kwenye ramani, unaoshikiliwa na bikoni, zile alama za chuma zilizozikwa kwenye saruji pembeni mwa ploti. Mara nyingi vitu hivi viwili havikai mahali pamoja. Mnyaa hutanuka kila mwaka, na baada ya miaka ishirini huwezi kujua shina la kwanza lilipandwa wapi. Ua wa makuti husukumwa na upepo wa kusi ukalala upande mmoja, na anayeusimamisha tena huchimba shimo jipya pembeni ya lile la zamani lililojaa maji. Kidogo kidogo ua unatembea. Kwa hiyo mtu anaposema "ua ulikuwa hapa tangu enzi za marehemu baba", anaweza kuwa anasema kweli kabisa kuhusu ua, na bado asiwe amesema chochote kuhusu mpaka.

Chukua daftari uandike maswali manne, kila moja kwenye ukurasa wake. Mpaka uko wapi? Ua ni wa nani, yaani nani aliujenga na nani amekuwa akiutengeneza? Ni kitu gani kinavuka ua na kuleta usumbufu: matawi, maji, kuku, moshi, macho ya watu? Na la nne: kuna jambo gani jingine ambalo halihusu ua hata kidogo?

Usilipuuze hilo la nne. Kwetu sisi ugomvi ulihusu stara. Nilikuwa nimeweka mafundi wakijenga chumba cha juu, na kutoka kule juu walikuwa wakiona bafu la uani kwa jirani, ambako binti zake huoga na kuanika nguo. Ua ulipoanguka akaona ajali imempa nafasi ya kuweka kitu kirefu kisichopitisha jicho. Alitaka kujisitiri, mimi nikaona ananyang'anya ardhi. Lau ningeuliza siku ya kwanza, ningejua siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Jua umekaa juu ya ardhi ya aina gani

Mwongozo wa Nairobi hautakufaa sana hapa, maana ardhi ya Pwani ina historia yake. Kabla hujamwambia jirani "hii ni yangu", hakikisha unajua una haki gani.

Ukiwa na hati ya kumiliki ardhi iliyopimwa, namba yake itakuambia mengi. Yenye herufi MN ni ya bara ya kaskazini, kama Kisauni na Nyali. MS ni bara ya kusini, upande wa Likoni. MI ni kisiwani. Ardhi ya namna hii ina ramani yenye vipimo, na hapo kazi inakuwa nyepesi.

Lakini wengi wetu tunaishi katika nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga au umeirithi, ila ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Majengo imejaa nyumba hizi, na ziko pia Kisauni, Changamwe na Likoni. Kama ndivyo ulivyo, wewe na jirani mnaweza kukubaliana jinsi ya kuishi na jinsi ya kujenga ua, lakini hamna mamlaka ya kuamua mpaka wa ardhi ambayo si yenu. Mwiteni mwenye ardhi au wakala wake mapema. Nimeona majirani wawili wakipatana vizuri, wakajenga ukuta, kisha mwenye ardhi akaja akaubomoa wote.

Hali ya tatu ni urithi ambao haujagawanywa: hati bado ina jina la babu, na wajukuu wanane wamejenga humo ndani. Hapo mtu mmoja hawezi kutia sahihi kwa niaba ya wote. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi inaweza kushughulikia mirathi yenyewe, kwa kuwa kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Ila Kadhi hawezi kuamua mpaka kati yako na jirani asiye mrithi mwenzako. Watu wengi hupoteza miezi kwa kutojua hilo.

Ikiwa upande wa pili ni ardhi ya wakfu, ongea na Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa. Anayeishi humo si mwenye ardhi hiyo. Na ikiwa wewe mwenyewe ndiye mpangaji, mwambie mwenye nyumba, usisogeze hata kigingi kimoja.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi bila kelele

Piga picha za ua kutoka ncha zote mbili, uweke kitu chenye kipimo kinachojulikana, kama tofali au ufagio, ili urefu uonekane. Tafuta picha za zamani. Picha za harusi ni hazina: kila familia ina picha ya bibi harusi amesimama nyuma ya nyumba, na nyuma yake ua unaonekana. Mimi nilipata ua wetu wa mnyaa kwenye picha ya harusi ya dada yangu, na kando yake mti wa mkungu ambao bado uko. Kutoka kwenye ule mkungu tuliweza kupima.

Nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi, yaani uombe ithibitishwe rasmi nani ameandikishwa kuwa mwenye ploti yako. Omba pia nakala ya ramani inayoonyesha mipaka. Kisha kaa na mzee mmoja au wawili wa mtaa waliokuwapo ploti zilipokatwa, uwasikilize bila kuwaongoza. Ukimwuliza mzee "si kweli ua ulikuwa kule?" atakuitikia kwa adabu. Mwulize tu ua wa kwanza ulikuwa wa nini na ulipita wapi, halafu unyamaze.

Ramani za setilaiti kwenye simu zinasaidia kuona miti na paa zilivyokuwa miaka ya nyuma, lakini ile mistari yake si mipaka ya kisheria. Na simu yenyewe ikikuonyesha mahali uliposimama inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na ugomvi wenu pengine ni wa mita moja.

Usifukue bikoni. Usiisogeze, usiifunike kwa saruji, usiruhusu fundi aigonge. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imefanya kuharibu au kuondoa alama ya mpaka kuwa kosa la jinai, hata kama unaamini alama hiyo imewekwa mahali pabaya.

Hatua ya 4: Nenda ukapige hodi

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoisha au unapoota mizizi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua wakati. Baada ya alasiri ni pazuri, jua limelegea na watu wamepumzika. Usiende Ijumaa mchana watu wakijiandaa kwa sala, wala Jumapili asubuhi ikiwa jirani ni mtu wa kanisa, wala saa ya mtu kuwa na njaa ya saumu. Usiende siku ile ile ulipoona jambo. Lala usiku mmoja.

Nenda peke yako au na mtu mmoja mtu mzima. Ukienda na wanao watatu wenye vifua, jirani ataona umekuja kwa vita hata kama mkononi una bakuli la mbaazi. Mwanamke akienda kwa mwanamke, mazungumzo hufunguka haraka zaidi. Ila hakikisha anayezungumza nawe ndiye mwenye uamuzi, au atamfikishia mwenye uamuzi.

Salamu zisikatwe. Mwulize watoto, mwulize mgonjwa, mwulize safari. Anayekuja na lake mkononi kabla hajaketi anamfanya mwenye nyumba ajifunge kibwebwe. Kisha sema la kwako kwa maneno yanayohusu unachokiona wewe, si alichokifanya yeye. Mfano wa tulivyoanza mara ya pili, baada ya kushindwa vibaya mara ya kwanza:

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Nimekuja, nina jambo limenikaa rohoni na sitaki lizidi kukaa. Ule ua uliposimama nilishtuka, nikasema maneno ambayo hayakufaa. Kwanza nisamehe kwa hayo."

Akanyamaza kwa muda. Mimi pia nikanyamaza.

"Basi tukae. Unataka niutoe?"

"Kabla ya kutoa chochote, niambie, wewe unataka ua huu ukufanyie nini?"

Ndipo yakatoka mambo ya bafu, mafundi na binti zake. Nilikuwa sijawahi kuuliza swali hilo. Liulize mapema. Wengine watakujibu kuhusu kuku wako wanaochimba mchicha, wengine kuhusu mwizi aliyeruka hapo, wengine kuhusu mtoto anayetambaa na kisima kisichofunikwa. Ukishajua ua unatakiwa kufanya kazi gani, unaweza kutafuta njia ya kuipata kazi hiyo bila kugombania ardhi.

Kuna maneno yanayofunga mlango. "Nina wakili" ni moja. "Hati yangu iko wazi" ni jingine, hasa ukimwambia mtu wa nyumba bila ardhi, maana unamkumbusha jeraha la siku zote. "Nyinyi wageni" ndilo baya kuliko yote katika mji huu wenye makabila na dini nyingi; likitoka mdomoni ugomvi si wa ua tena, na wazee watapata kazi mara mbili.

Usitake kumaliza siku hiyo. Ondokeni na jambo dogo moja mlilokubaliana: kwamba hakuna atakayejenga wala kubomoa hadi mkutane tena siku fulani. Na msiweke picha za ua kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kila anayejibu pale huchukua upande, na upande ukishachukuliwa hadharani huwa mgumu kuachwa.

Hatua ya 5: Vuteni kamba pamoja

Anzeni wenyewe. Tafuteni tepu ya fundi yenye urefu wa mita 30, mtu mmoja kutoka kila nyumba ashike ncha. Tafuteni bikoni zinazoonekana, vuteni kamba ya katani baina yake, kisha linganisheni urefu na vipimo vilivyo kwenye ramani. Mkiona bikoni moja tu, msikisie ya pili. Andikeni kila kipimo, wote wawili, kwenye karatasi moja.

Kama vipimo havikubaliani, mwiteni seveya, yaani mpima ardhi, mwenye leseni, na mlipe nusu kwa nusu. Ukimleta wako peke yako, hata akisema kweli tupu, jirani ataona ni mtu wako. Mwulizeni leseni yake kabla ya kumlipa, mjue bei yote na inajumuisha nini, na siku ya kupima majirani wote wanaopakana nanyi wajulishwe, kwa sababu mstari wenu unagusa pembe zao pia.

Seveya hukuonyesha mstari, lakini yeye si hakimu. Mnapobishana kuhusu mpaka wa ardhi iliyosajiliwa, vifungu vya 18 na 19 vya Sheria ya Usajili wa Ardhi vinampa kazi ya kuuamua Msajili wa Ardhi, baada ya kuwaarifu wenye ardhi zinazopakana. Korti haitasikiliza kesi ya mpaka wa namna hiyo kabla ya utaratibu huo. Watu wengi hukimbilia wakili, wakalipa ada, wakarudishwa kwa Msajili.

Kwetu seveya alikuja Jumamosi moja asubuhi. Bikoni ya kando ya barabara ilionekana mara moja. Ile ya nyuma hatukuiona hadi tukaondoa kifusi cha mawe ya matumbawe kilichorundikwa na marehemu mama yangu miaka mingi nyuma. Alipovuta mstari, sote wawili tulinyamaza. Upande wa barabara mabati ya jirani yalikuwa yameingia kwangu futi tatu. Upande wa nyuma, mabamia yangu yote na nusu ya mpapai wangu vilikuwa kwake. Ua wa zamani ulikuwa umepinda tangu ulipopandwa, na kila mmoja alikuwa akiona ile ncha inayomuumiza yeye tu.

Hatua ya 6: Amueni aina ya ua na nani atafanya nini

Hapa watu hupita haraka, na miaka miwili baadaye ugomvi unarudi. Fikirieni hali ya hewa yetu. Hewa ya chumvi hula mabati na seng'enge, hasa karibu na bahari, na mabati yaliyooza kingo hukata watoto. Boriti za mkoko zinahimili mchwa kuliko miti mingi ya kawaida, lakini sehemu iliyo ardhini ndiyo hukatika kwanza. Makuti ni rahisi na yanapitisha upepo, ila yanahitaji kubadilishwa mara kwa mara na hayafai karibu na jiko la mkaa. Mnyaa ni ua mzuri na haugharimu kitu, lakini utomvu wake mweupe ni sumu kwa macho. Nyumba yenye watoto wadogo iutafakari vizuri, na anayeukata avae kitu cha kukinga macho.

Ukuta wa mawe huleta stara na utulivu, na wengi huutaka. Kabla ya kuujenga, chukueni kibali cha ujenzi kutoka Kaunti ya Mombasa. Ukuta usio na kibali unaweza kuamriwa kubomolewa. Aliye Mji wa Kale aongee pia na ofisi ya uhifadhi, kwa sababu eneo hilo linalindwa. Tena acheni matundu chini ya ukuta ya kupitisha maji. Nimeona ukuta uliozibwa kabisa ukigeuza uwanja wa jirani kuwa bwawa katika masika, hadi shimo la choo likafurika. Hapo hata kama ukuta umejengwa ndani ya mpaka kwa inchi zote, umeleta madhara, na mwenye madhara ana haki ya kulalamika.

Kuhusu kutunza, kifungu cha 20 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamtaka kila mwenye ardhi kuziweka katika hali nzuri alama za mpaka wake, zikiwemo ua na kuta, na Msajili anaweza kuamua ni yupi kati ya majirani atakayebeba jukumu hilo. Nyinyi amueni wenyewe kabla hajaamua yeye.

Miti nayo isisahaulike. Tawi likivuka kwako, mwambie mwenye mti kwanza umpe nafasi alikate. Akikawia unaweza kukata mwisho wa mpaka, usiingie kwake, usiue mti, na maembe yaliyo kwenye tawi mrudishie. Mnazi ni jambo la haraka, maana nazi ikianguka juu ya bati au kichwa cha mtu haingoji kikao. Mwite mkwezi apunguze, mgawane gharama. Na kumbukeni kuwa huku kwetu mti na ardhi vimekuwa vikimilikiwa na watu tofauti tangu zamani. Ulizeni mnazi ni wa nani kabla ya kuuangusha.

Sisi tuliafikiana hivi: mstari ufuate bikoni, boriti mpya, makuti ya kusuka urefu wa futi saba sehemu inayopita karibu na bafu, na futi tano kwingine ili upepo uendelee kuingia. Mabati yake aliyatumia kwenye banda la mbuzi. Mpapai uliachwa hadi ukamaliza kuzaa.

Hatua ya 7: Andikeni

Hata mkiwa mmepatana hadi mmelia, andikeni. Watu hufa, nyumba huuzwa, watoto hurithi kumbukumbu nusu. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, yenye maneno kama haya:

"Sisi wawili, (majina na namba za vitambulisho), tunaoishi ploti namba … na namba …, leo tarehe … tumekubaliana kwamba ua baina yetu utajengwa kutoka bikoni iliyo kando ya barabara hadi bikoni iliyo karibu na mkungu. Utakuwa wa boriti na makuti. Gharama ni nusu kwa nusu. Kila mwaka kabla ya masika tutaukagua pamoja. Hakuna atakayeubomoa au kuuhamisha bila kumwarifu mwenzake siku 14 kabla. Ua huu haubadilishi mpaka ulio kwenye ramani ya serikali. Ikiwa sehemu yoyote imekaa nje ya mpaka, imekaa hivyo kwa ruhusa ya mwenye ardhi."

Sentensi mbili za mwisho msiziache. Kwa sheria ya Kenya, mtu akishikilia ardhi ya mwenzake waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kudai kuwa imekuwa yake. Ruhusa iliyoandikwa huzuia dai hilo, na humwezesha jirani mkarimu kuuacha ua ulipo bila hofu ya kuipoteza ardhi yake. Tieni sahihi, mashahidi wawili nao watie, kila nyumba ibaki na nakala, na nakala moja apewe mzee wa mtaa. Piga picha karatasi pia.

Hatua ya 8: Jirani akikataa

Wapo watakaokataa hata ufanye nini. Panda ngazi moja moja.

Anza na mzee wa mtaa au mtu anayeheshimiwa na nyumba zote mbili. Imamu au mchungaji akiwa ni mmoja kwenu nyote, mwombeni. Kwetu imamu alitukumbusha mambo mawili aliyoyafundisha Mtume: kwamba jirani asimzuie jirani yake kuchomeka mti kwenye ukuta wake, na kwamba anayechukua shibiri ya ardhi kwa dhuluma ataibeba shingoni kutoka ardhi saba. Kila mmoja wetu alidhani la pili linamhusu mwenzake. Yeye akatutazama wote wawili.

Ikishindikana, nenda kwa naibu chifu, kisha chifu. Wana uwezo wa kuwaita, kuwasikiliza na kuandika mlichoafikiana. Hawana uwezo wa kuhamisha mpaka wala kutoa hukumu ya ardhi, kwa hiyo usiwadai hilo, na usikubali mtu akuombe pesa ili "mpaka usogee". Usuluhishi huu si wa kubahatisha: kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zenyewe kuendeleza upatanisho na njia za kimila.

Kisha mwandikie barua, ya heshima na yenye tarehe, ukieleza ulichokiona, ulichoomba na muda unaompa. Baki na nakala na ushahidi kwamba aliipokea. Barua hiyo ndiyo itakayosomwa baadaye.

Baada ya hapo, mpaka wenyewe unakwenda kwa Msajili wa Ardhi. Kama jambo ni la fidia tu, tuseme jirani amevunja ua wako na unataka gharama yake, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Haishughulikii umiliki wa ardhi. Ugomvi wa umiliki ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyopo Mombasa, au wa mahakimu waliopewa mamlaka hayo. Hata ukifika huko, omba upatanishi unaosimamiwa na mahakama kabla kesi haijaanza kusikizwa. Asiye na uwezo wa wakili aulize Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi hapa Mombasa.

Katika ngazi zote hizo, usibomoe ua usiku na usikodishe vijana wa kuubomoa. Anayeharibu mali kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai hata kama ardhi iliyo chini ya mali hiyo ni yake, na mwenye haki hugeuka mshtakiwa kwa usiku mmoja.

Baada ya kupatana

Kagueni ua kila mwaka mwezi wa Machi, kabla mvua hazijaanza. Tikisa kila boriti kwa mkono, hasa chini. Inayocheza ibadilishwe kabla haijavuta nyingine. Angalieni matundu ya maji, matawi, na bikoni zote mbili kama bado zinaonekana. Sisi tumezipaka rangi nyeupe juu, na yeyote anayerundika kifusi huambiwa mapema.

Mwaka huu boriti tatu za upande wa nyuma zimelegea. Nimeshamwambia jirani, fundi anakuja Jumamosi, na yeye amesema atapika chai.